Dadu Nyuma ya Boksi

Boksi la sabuni lilikuwa ukuta wangu.
Nililikata upande mmoja kwa wembe, nikalisimamisha
juu ya meza ya Ndahani, pale Nkuhungu,
na nyuma yake nikawa mvua, nikawa mlango,
nikawa zimwi la pango la saba.
Wao watatu upande wa pili, na karanga, na karatasi,
kila mmoja na mtu wake aliyemtunga kwa penseli.

Usiku ule zimwi lilimkuta Sechelela.
Si yeye: mtu wake, mpiga upinde
aliyemlea Jumamosi kwa Jumamosi, miezi tisa,
akampa kovu, akampa deni, akampa mbwa asiye na jina.
Nikarusha. Dadu la nyuso ishirini
likadunda juu ya daftari, likazunguka, likatulia.

Ishirini.

Ishirini ni kifo. Sheria tuliiandika wenyewe
kwa kalamu nyekundu, mwezi wa kwanza.
Nikamtazama. Jioni ile alitoka Jenerali,
mama yake kitanda cha dirishani,
na kanga yake bado ilinuka dawa ya wodi.
Nikasema, "Saba. Limekukosa."
Meza nzima ikapumua.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Nililala na methali hiyo kama blanketi fupi:
nikivuta kichwani, miguu inabaki nje.

Maana baba yangu alikuwa mtu wa mizani.
Hombolo, msimu wa zabibu, nyuki kila mahali,
mjane akileta kreti zake mbili
kidole gumba cha baba kilijua kupumzika kwenye kitanga,
na kilo tatu zikazaliwa.
Tulimwita mwema. Nami nilimwita hivyo
hadi nilipomsaidia kujumlisha, na hesabu ikagoma.
Kilo tatu zile zilipaswa kutoka mahali.
Zilitoka kwa kila mtu, gramu gramu,
kwa wale ambao kidole hakikuwahi kuwaona.

Na mimi nina Malogo,
ambaye mganga wake alikufa darajani mwezi wa tano
kwa ishirini ile ile.
Niliisoma kwa sauti, bila kupepesa,
kwa vile siku hiyo Malogo alikuwa anacheka.
Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi.
Iko mle mpaka leo, nyuma ya kitambulisho.

Nani alinipa kazi ya kupima
huzuni ipi imetosha?

Lakini pia nimekulia ambako uwele huzikwa
kwenye vumbi kavu, kabla ya wingu,
na mbingu haimdanganyi mtu: ikikataa imekataa.
Ukweli wa namna hiyo tunao wa kutosha, maghala yanajua.
Kwa nini na Jumamosi, saa nne tu, na karanga,
tukae tena chini ya mbingu isiyo na macho?

Wiki iliyofuata Sechelela alibaki kuosha vikombe.
"Niliiona," akasema bila kugeuka. "Kwenye birika."
Birika la Ndahani, la bati, linang'aa kama kioo cha kinyozi.
"Sasa kila mshale wangu ukipata,
najiuliza kama ni wangu au ni wako."
Nilichukua kitambaa, nikafuta vikombe
hata vile vilivyokwisha kukauka.

Jana boksi nililiacha nyumbani.
Nikarusha mbele ya macho yao wote,
na umeme ukakatika dadu likiwa hewani.
Tulilisikia likigonga meza, likigonga sakafu,
likikimbilia uvunguni mwa kabati.
Ilikuwa zamu ya zimwi,
na aliyesimama mbele yake ni mganga mpya wa Malogo.

Sechelela akapiga magoti na tochi ya simu.
Alikaa kule chini muda mrefu
kuliko unaohitajika kusoma namba moja.

"Tisa," akasema.

Malogo akacheka. Ndahani akaulizia karanga.
Nami, gizani, nikaandika tisa,
sikuinama kutazama.